Yule Hashindwi

Siyo kumtukana, Baba. Kumwalikia watu wamlimie jirani yetu siyo kumtukana, na nalirudia hapa kwa sababu wakati wa kula hukunipa nafasi ya kumaliza. Mtu ameumia kiuno. Mvua imeshashika. Wenzake wote wamepanda. Shamba lake la Nakwa lina nyasi za kufika magotini, na Jumamosi kamati ya kijiji inapita kuangalia mashamba ambayo hayajaguswa, wapewe watu wengine. Tukinyamaza, shamba linakwenda. Sioni tusi liko wapi.

Lakini Baba alimega ugali, akauviringisha taratibu, akasema, "Yule hashindwi."

"Ameshindwa, Baba. Nimemwona leo."

"Kiuno kinamuuma kila mtu. Mimi mwenyewe kinaniuma. Ukimpelekea watu utakuwa umemwambia mbele ya mtaa mzima kwamba amekwisha. Mimi simvunjii heshima mtu wa namna ile."

"Heshima gani na shamba linaondoka?"

"Jike dume lile! Utaona mwenyewe. Ijumaa utasikia limeshalima lote, na wewe utabaki na aibu yako."

Mama akaingilia kwa upande mwingine. "Na unga wa pombe utautoa wapi? Wa kula wenyewe ndiyo huu wa njano wa msaada."

"Tutapika uji."

"Watu wazima waje kulima kwa uji," Baba alisema, akacheka mpaka akakohoa. "Waite watoto wa chekechea basi."

Baba ni dereva wa trekta ambalo limelala mwaka mzima kwa kukosa spea, kwa hiyo ana muda mwingi wa kucheka. Mimi nimemaliza kidato cha nne, nasubiri majibu, na watu wanaosubiri majibu nyumbani hawasikilizwi.

Kwetu mtu hapelekewi watu shambani hivi hivi. Mwenye shamba anapika pombe, anaalika, majirani wanakuja na majembe asubuhi, mchana wanakunywa. Kama unaumwa, nyumba nyingine inaweza kukualikia. Ila lazima kwanza mtu aende kwa balozi wa nyumba kumi aseme, kwa neno lenyewe, "Fulani ameshindwa." Balozi akishalisikia anapeleka habari nyumba kwa nyumba, na hapo kukataa ni aibu. Lisiposemwa, hakuna anayekwenda. Siyo roho mbaya. Ukimlimia mtu ambaye hajashindwa utaonekana unalitaka shamba lake. Nimelisikia likisemwa kwa wajane, kwa mzee mmoja mlevi sana, na kwa mwalimu aliyevunjika mguu. Mwalimu alilimiwa, akashukuru, akapona. Hakuna aliyesema ametukanwa.

Kwa jirani yetu tu ndiyo neno haliwezi kutoka mdomoni mwa mtu.

Mimi namwita Mama Jirani. Mtaa hapa Nangara unamwita Jike Dume, au Dume tu. Watoto wadogo kabisa wanasema "Shikamoo Dume" na yeye anaitikia marahaba bila kugeuka. Zamani aliitwa Mama na jina la mtoto wake, kama wanawake wengine. Mtoto alipofariki watu waliona vibaya kulitaja lile jina, wakabaki na hili lingine.

Hili lingine alilipata ziwani. Inasimuliwa hivi. Wanawake walikuwa kwenye bustani za mboga pembeni ya ziwa, asubuhi, kiboko akatoka kwenye matete. Wote wakakimbia. Yeye akabaki amesimama mbele yake na debe lake la maji, akampigia kelele, kiboko akageuka akarudi majini. Nimeisikia hadithi hii kwa watu wengi na kila mmoja anaongeza kitu. Kuna wanaosema alimpiga kiboko na debe puani. Kuna mzee mmoja anasema alimshika mkia.

Mwaka jana tulikuwa tunapukuchua mahindi barazani kwake, nikamuuliza.

"Mama Jirani, yule kiboko ulimfukuza kweli?"

"Kiboko anafukuzwa na debe? Wewe umesoma, hujiulizi?"

"Sasa ilikuwaje?"

"Miguu iligoma. Wenzangu walikimbia, mimi ikagoma. Nikalia kwa sauti. Debe likaniponyoka likagonga jiwe. Yeye alikuwa ameshiba mboga za watu, akaondoka zake."

"Mbona hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Wakasema, sikia anavyojishusha."

Akaendelea kupukuchua. Nilitaka kucheka lakini yeye hakuwa anacheka, basi nikaacha.

Sijui kama nitaeleweka nikisema kwamba haonekani kama jina lake. Mtu ambaye hajamwona anategemea mama mnene, mwenye mikono kama ya utingo wa lori. Ni mwembamba. Mabega yamepanda kidogo kama mtu anayesikia baridi. Anatembea haraka akiangalia chini, na akisimama na watu lazima mkono wake ufanye kitu, atang'oa jani, atafuta vumbi kwenye ukuta ambao siyo wake. Kiswahili chake ni cha Mbulu, kifupi, hakina mapambo. Akikuaga hasemi kwaheri, anasema "Haya, jua," maana yake jua linakwenda na kazi bado.

Kuna vitu hawezi kabisa, na hivyo havisimuliwi. Hajui kushona hata kifungo. Mama yangu anamshonea, na yeye analeta nguo zimefungwa ndani ya kikapu chini ya majani ya maboga. Ugali wake una madonge. Anaogopa chura kuliko mimi ninavyoogopa nyoka. Mvua ikinyesha na vyura wakaingia uani, anapanda juu ya kinu na kuniita kwa sauti ya mtoto, "Njoo umtoe! Njoo umtoe!" Nikishamtoa anashuka, anajikung'uta kanga, ananiambia nisiache mlango wazi, kama vile chura ni kosa langu. Ana ua moja alilolipanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia, ua jekundu, sijui jina lake, analimwagilia kwa maji ya kunawia uso. Mtu akilisifia anafurahi kuliko akisifiwa yeye.

Namweleza hivi kwa sababu nikisikia Baba anasema "jike dume lile" naona kama anamzungumzia mtu mwingine aliyekaa ndani ya nguo za jirani yetu.

Siku za duka la ushirika ndiyo nilianza kukasirika. Kila mtu anajua foleni zetu. Ukisikia sukari inakuja, au sabuni, unaweka jiwe lako kwenye mstari mbele ya duka, jiwe linasimama badala yako, wewe unakwenda shamba. Shida ni kwamba mawe yanahamishwa. Kwa hiyo lazima awepo mtu wa kuyalinda, na mtu huyo alikuwa yeye.

"Dume, nishikie jiwe langu, nina mtoto mgonjwa."

"Dume, na langu hili, lenye alama ya mkaa."

"Langu lile bapa, Dume, usilichanganye na la huyu mwizi."

"Mwizi mwenyewe! Dume, umesikia anavyonitukana?"

Basi anabaki na mawe ya mtaa mzima, juani. Hakuna aliyethubutu kusogeza jiwe mbele yake. Siku moja sukari ilikuja kweli, sukari ya kilo moja moja, akatuma habari kila nyumba, watu wakaja mbio na mifuko, kila mmoja akasimama kwenye jiwe lake. Yeye alikuwa amewapanga wenzake vizuri sana mpaka jiwe lake mwenyewe akawa ameliweka mwisho, ili asionekane amejipendelea. Sukari ikaisha kabla ya kumfikia. Nilikuwepo. Nilimwona anaokota jiwe lake analitupa kwenye majani. Mwanamke mmoja akamwambia huku amekumbatia mfuko wake, "Pole Dume. Lakini wewe si unakunywa hata bila sukari?" Watu wakacheka, kwa mapenzi kabisa, siyo kwa kumdharau. Na yeye akacheka. Hakuna aliyempimia hata kijiko. Na sisi tulikuwa na kilo yetu, na Mama hakumpimia, na Mama Jirani ndiye aliyekuwa ameshika jiwe letu.

Nilimuuliza Mama jioni ile. Alisema, "Ningempa angeona namwonea huruma." Nikamwambia basi ampe amwonee huruma. Akasema nina mdomo.

Basi la kwenda Arusha likikwama kwenye tope hapa mjini, wanaume waliovaa viatu wanashuka, wanasimama pembeni, wanasema muiteni Dume. Anakuja. Anapiga magoti nyuma ya gurudumu, anachimba, anaweka matawi, anasukuma nao. Basi likitoka wanarukia wote, wanapunga mikono, "Asante mwanaume!" na yeye anabaki barabarani na tope la mpaka shingoni. Hajawahi kufika Arusha.

Nimefikiri sana juu ya maneno hayo. Shuleni mvulana akipata hesabu alikuwa ana akili. Mimi nilipopata, mwalimu alisema nina akili za kiume, na darasa likanipigia makofi. Nilikwenda bwenini nimejaa furaha. Ilinichukua muda kuona kwamba pale pale ambapo wamekusifia wamekutoa ulipokuwa. Mwanaume akibeba gunia, amebeba gunia. Mwanamke akilibeba anaambiwa yeye siyo mwanamke. Haya, basi akichoka anakwenda kukaa wapi? Wanawake wenzake wanamwona hayuko na wao. Wanaume wanamwita mwanaume lakini kwenye pombe hawamkaribishi kiti. Nimemweleza Baba haya. Aliuliza kama ndivyo tulivyofundishwa kwenye siasa.

Hata kanisani. Mchungaji alihubiri juu ya mke mwema, yule wa kwenye Maandiko anayeamka mapema, anayesokota, anayelima, ambaye taa yake haizimiki. Mahubiri yalikuwa marefu. Kila alipotaja kazi moja vichwa viligeuka kidogo kuelekea benchi la nyuma, mpaka mchungaji mwenyewe akanyoosha mkono akasema, "Na sisi hapa Babati tunaye." Tukageuka wote. Alikuwa amelala. Mdomo wazi, kichwa kimeegemea ukuta, kitabu cha nyimbo kimeanguka. Watu wakasema amina.

Kuhusu mume wake nasema kidogo, kwa sababu hata yeye anasema kidogo. Aliondoka kutafuta kazi upande wa Moshi, akaandika mara moja, akanyamaza. Mwanamke mwingine akiachwa hivyo majirani wanakuja kukaa naye, wanamlaani yule bwana kwa zamu. Kwake walikuja kumtania. "Mafahali wawili hawakai zizi moja, Dume." Na yeye aliwajibu, "Zizi ni lake, fahali ni nani?" Wakacheka wakaondoka na jibu hilo, likasimuliwa sokoni mpaka likachakaa. Ni jibu zuri. Lakini nilimwona baadaye anaondoa viatu vya mume wake mlangoni, anaviweka ndani, anavitoa tena nje, anavirudisha ndani. Nilikuwa nimekuja kuomba moto. Sikuomba. Nilirudi nyumbani nikamwambia Mama amesema moto umezimika.

Sasa la msiba.

Mtoto wake tulikuwa rika moja. Tulikuwa darasa la tano. Aliumwa homa, akapelekwa hospitali mgongoni mwa mama yake kwa sababu gari halikuwa na mafuta, akafia huko. Kwetu mama aliyefiwa anakaa chini kwenye mkeka, wanawake wanamzunguka, hagusi kazi. Wengine wanapika. Hiyo ni kwa kila mtu, hata aliyekuwa mchawi.

Mimi nilikuwa mdogo, nilikaa karibu na jiko kwa sababu kulikuwa na baridi ya mvua. Waombolezaji walikuwa wengi kuliko sufuria. Wanawake walikuwa wanabishana nani asonge ugali, hili sufuria kubwa, hili linahitaji nguvu, mimi mkono wangu unauma, na mimi vile vile. Ndipo nikamwona anatoka ndani. Alikuwa peku, na kanga kichwani. Akachukua mwiko. Akasonga. Wanawake wakasogea kumpisha. Wakasimama nyuma yake wanamwangalia mgongo, na mmoja akanong'ona, "Tazama. Hata leo. Huyu siyo mtu, huyu ni chuma." Alisonga ugali wa watu wote. Ulikuwa na madonge, na watu waliula. Kisha akarudi ndani akakaa kwenye mkeka.

Mimi nililia siku ile kwa ajili ya rafiki yangu. Yeye sikumwona analia. Watu walisema hajui kulia.

Nimemuuliza na hilo pia. Mimi nauliza sana, Mama anasema ni ugonjwa. Nilimuuliza, "Mama Jirani, siku ile kwa nini ulitoka kusonga ugali?"

Alifuta vumbi kwenye kopo la ua mpaka nikajua nimekosea. Halafu akasema, "Niliwasikia wanabishana. Nikasema nitashika mwiko kidogo. Nilijua kuna mtu atanipokonya."

"Hakuna aliyekupokonya."

"Hakuna."

Alilisema kama mtu anayekwambia chumvi imekwisha. Na mimi sikusikia kitu chochote ndani yangu wakati ule. Nilikaa tu naangalia kopo la ua. Hata leo nikikumbuka inakuja ganzi, mkono kama siyo wangu, kisha inapita na naendelea na nilichokuwa nafanya. Labda ndivyo na yeye anavyoishi. Sijui.

Ana misemo yake michache. "Sifa hazichemshi maji." "Mwenye nguvu haulizwi kama amekula." Watu wanaicheka, wanairudia, wanasema Dume ana maneno. Nadhani alikuwa anaomba chakula.

Kiuno kiliumia wakati wa mavuno yaliyopita, nyumbani kwa watu, siyo kwake. Waliomba awashushie magunia kwenye lori kwa sababu dereva alikuwa na haraka. Mimi sikuwepo. Alisema kitu kilikatika, "kama kamba ya kitanda." Akamalizia magunia yaliyobaki. Tangu hapo amekuwa anakaa mlangoni. Ukipita asubuhi yuko mlangoni anachambua mchicha, ukipita jioni yuko mlangoni. Mtaa ukaanza kusema Dume ananuna. Wengine wakasema anaringa, amepata fedha za mume. Hakuna aliyesema anaumwa, kwa sababu neno hilo halikuwa kwenye orodha ya maneno yake.

Leo mchana Mama alinituma kwake. Bati la jiko letu limelegea kwa upepo. "Nenda kamwombe Jirani aje kesho atuvutie lile bati," alisema, "mwambie ni dakika tu." Mama yangu siyo mtu mbaya. Nataka hilo lijulikane. Kikombe chake cha mwisho cha chumvi anagawa. Lakini alinituma.

Nilimkuta mlangoni, mchicha ungoni. Nikampa shikamoo. Akaitikia. Nikasema, "Mama anasema..." nikaona mchicha ule ulikuwa umenyauka. Ulikuwa wa jana, au wa juzi. Alikuwa anauchambua ule ule.

"Anasema nini?"

"Anakusalimia."

"Hakukutuma kunisalimia. Sema."

"Bati la jiko."

Akatikisa kichwa, kama anapanga kazi. "Mwambie nitakuja." Akaweka ungo chini, akashika fremu ya mlango. Mkono ukavuta, mwili haukuja. Akavuta tena. Jasho likamtoka puani. Halafu akasema, bila kuniangalia, "Nipe mkono."

Nikampa. Nikaweka na mwingine kwapani. Alikuwa mwepesi, hiyo ndiyo iliyonishtua, nilikuwa nimejiandaa kwa uzito. Tulisimama. Tukaingia ndani polepole. Ndani kulikuwa na ndoo ya haja karibu na kitanda na sufuria yenye uji uliokauka. Jembe lilikuwa mlangoni, na mpini wake ulikuwa umefutwa vumbi. Nilimlaza. Nilimwaga ndoo. Nilisugua sufuria kwa majivu, sabuni hamna. Nilifanya yote hayo kama nafanya kwetu, sikuwaza lolote.

Nilipomaliza nikasema, "Shamba la Nakwa je?"

"Jumamosi wanapita."

"Najua. Nani atalima?"

Akageukia ukuta.

"Kwa nini hukusema, Mama Jirani? Unangoja nini? Kila mtu angekuja."

"Nimejaribu," alisema. "Hapa ndani, peke yangu, nimejaribu kulisema kwa sauti. Ni-me-shin. Linakwama hapo. Mdomo haujalizoea."

"Basi nitakulimia mimi. Kesho. Naanza alfajiri, Jumamosi watakuta jembe limepita."

Hapo ndipo aligeuza uso, na kwa mara ya kwanza leo akawa mkali kama zamani. "Wewe hapana! Unasikia? Ukilima lile shamba peke yako, wakikupita barabarani watakuita nini?"

Nikaangalia jembe pale mlangoni.

"Watakuita nini?"

"Dume."

"Watafurahi. Watasema, hili moja limechoka, Mungu ametupa lingine. Na bati la mama yako utavuta wewe. Na mawe utalinda wewe. Wewe una barua inakuja, unakwenda mahali. Jina hilo likishakushika hupandi basi."

Nje mtu alipita, akaita kutoka njiani, "Dume! Bado umenuna?" Yeye akaitikia kwa sauti kubwa na nzuri kabisa, akiwa amelala, "Napumzika kidogo, baba!" Yule akacheka, akaenda zake.

Nilingoja hatua zake ziishe. "Nikusemee mimi?" nikauliza. "Kwa balozi. Neno lenyewe."

Aliangalia paa. Aliangalia muda mrefu, na mimi sina subira, nilikuwa nimeshasimama. Nilidhani atasema asemewe au asisemewe. Alisema, "Wakija, watakuja kunitazama kwanza. Kabla ya kulima watakuja hapa mlangoni wanitazame nimelala."

"Ndiyo, watakuja."

"Nitafanyaje uso?"

Nilimwambia anaweza kuwaangalia tu.

"Sikukatazi," alisema baadaye. Kisha, "Haya, jua."

Nimerudi, nimekula, nimebishana na Baba kama nilivyoeleza, na Mama amenifuata mpaka huku chumbani. Amesimama mlangoni na koroboi. "Na bati?" akauliza. Nikamwambia hawezi kusimama, Mama, nimemwaga ndoo yake. Akakaa kwenye kitanda changu. Halafu akasema, "Balozi atakuambia ni utani. Atakuambia mtoto hawezi kusema neno hilo kwa mtu mzima." Nikamuuliza kama atakwenda na mimi. Akasema baba yako. Akasema itakuwaje. Akazima koroboi kwa sababu ya mafuta, akaondoka gizani, na sijui kama lile ni ndiyo au ni hapana. Sitamngoja.

Kesho asubuhi nitakwenda kwa balozi kabla hajafungua kibanda chake cha kutengeneza baiskeli. Jembe nitaliacha nyumbani. Nitamwamkia, nitasema jirani yetu ameshindwa. Akicheka nitangoja amalize kucheka, nitasema tena. Na akiniambia, wewe si una mikono, kwa nini usimlimie mwenyewe, nitamjibu kwamba mimi peke yangu siwezi.